Siku Tulipompanda Wandera

Enzi zetu, na tafadhali msicheke, najua sina hata mvi moja kichwani, na mama yangu akinisikia nikisema "enzi zetu" huniuliza kama ni mimi niliyejenga reli. Lakini nyinyi wa rika langu mnanielewa. Sisi tuliobeba mavi ya ng'ombe kila Ijumaa kwenda kupaka sakafu ya darasa, tukarushiana njiani mpaka tukafika na mikono mitupu. Sisi tuliocheza mpira wa kati mpaka rinda la shule likapasuka na kushikiliwa na pini. Sisi tuliokula kumbikumbi wakiwa bado wanapiga mabawa, mmoja anaingia mdomoni na mwingine anaponyokea puani. Sisi pia tuna enzi zetu, hata kama ni za juzi.

Zangu zilikuwa kando ya lami, kati ya Amagoro na Malaba, mahali malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Mtoto wa mahali pengine aliamshwa na jogoo. Mimi niliamshwa na breki za lori, ile pumzi ndefu ya "psssh", halafu harufu ya dizeli na mandazi inaingia pamoja dirishani. Madereva walilala hapo, walifua hapo, walianika soksi kwenye vioo vya malori. Kifaransa changu chote ni "bonjuu", na nilipewa na dereva wa Kongo pamoja na biskuti.

Mama alikuwa na hoteli. Naiita hoteli kwa heshima. Ilikuwa miti minne, karatasi la nailoni juu, benchi mbili na jiko. Aliuza chai, chapati na maharagwe. Chapati zake zilikuwa na matabaka ungeweza kuyafunua kama kurasa za kitabu, na hiyo si sifa ya mtoto kwa mamake, uliza dereva yeyote wa wakati huo. Shida yetu ilikuwa jua. Lile nailoni lilivuta joto likalimwaga chini, na ukikaa kwenye benchi ulihisi wewe ndiye chapati.

Ng'ambo ya barabara ndiko kulikuwa na hoteli ya Mama Ekisa, chini ya mvule mkubwa ambao hakuna aliyejua ulipandwa na nani. Chapati za Mama Ekisa, Mungu anisamehe, ungeweza kuzivaa miguuni kama ndara. Lakini kivuli. Dereva aliyetoka Mombasa na jua la njia nzima mgongoni hakuangalia chapati. Aliangalia kivuli, akavuka.

Siku moja mama akikanda unga, alisema bila kuniangalia, "Ajiambo, mvua inayokuja ikiisha na hakuna kitu kimebadilika, nafunga. Wewe na Wandera mtaenda kwa kukhu Nambale. Mimi nitatafuta kazi ya nyumba Kisumu."

Kukhu ni nyanya yetu, mama yake mama, na Nambale si mbali. Lakini nilikuwa na kipande cha chapati mdomoni na niliacha kutafuna. Baba nilimjua kwa picha tu. Nyumbani kwetu palikuwa na mama, mimi na ndugu yangu Wandera, na sasa mama alikuwa anatugawa kama vipande vya unga ule.

Niliyemwambia ni Ekisa. Ndiyo, mtoto wa yule yule Mama Ekisa wa ng'ambo. Tulisoma darasa moja na kuibiwa kalamu na mtu mmoja, kwa hivyo tulikuwa marafiki wakubwa. Ekisa alifikiri, akasema, "Nyinyi mnahitaji mti." Nikamwambia mti haununuliwi dukani. Akasema basi tuombe. Tukaomba. Hata dini ya Ekisa sikuijua vizuri, nilijua tu kwamba aliomba kwa Kiteso na mimi kwa Kiswahili, ili tusimchanganye Mungu.

Wiki hiyo hiyo kukhu akaja kututembelea, na kuku kwapani na njugu ndani ya leso. Alikaa kwenye benchi yetu kidogo tu, akasimama, akajipepea kwa kanga.

"Sasa hapa," alimwambia mama, "ni jikoni ama ni ndani ya jiko?"

Mama akacheka kicheko kisicho na furaha. Kukhu akazunguka kibanda, akapiga ardhi kwa kisigino upande wa mbele, pale watu walipokanyaga wakiingia.

"Kama munataka kifuli, mupande mutoto hapa," alisema. "Mvua ikishika, atamea haraka mutashangaa."

Halafu wakaenda sokoni Amagoro, yeye na mama. Mimi na Ekisa tukaachwa kuangalia hoteli na Wandera.

Hapa lazima mnielewe. Sisi tulikuwa watoto wa barabarani. Majirani ni Wateso, madereva ni wa kila taifa, kwa hivyo nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Kiluhya chetu kiliishia kwenye salamu. Na Kiswahili cha kukhu kilijaa "mu": mutu, mukate, muguu, musalaba, na kivuli kwake kilikuwa kifuli. Aliposema mutoto, sisi tulisikia mtoto. Mngesikia nini nyinyi?

"Amesema tupande mtoto," nilimwambia Ekisa.

"Mtoto yupi?"

Tukatazamana. Halafu, polepole, tukageuka wote wawili kumtazama Wandera. Alikuwa bado mdogo, hajaanza hata nasari, tumbo mbele, kaptura nyuma. Alikuwa amechuchumaa kando ya nguzo anaramba udongo kwenye kidole.

"Huyu tayari anakula udongo," Ekisa alisema. "Ameanza mwenyewe."

Msidhani tulikuwa wakatili. Tulifanya mambo kisomi. Mwalimu alikuwa ametufundisha kupanda haragwe kwenye mkebe, na tulijua mmea unahitaji udongo, maji, jua na hewa. "Hewa," Ekisa alikumbusha, kidole juu, "kwa hivyo kichwa kinabaki nje." Nilimheshimu sana siku hiyo. Tukachukua jembe la mama, tukachimba pale pale kukhu alipopiga kisigino. Tukamsimamisha Wandera ndani, tukarudisha udongo mpaka juu ya magoti, tukaushindilia kwa miguu. Wandera alikuwa anafurahi kupita kiasi. Katika maisha yake mafupi hakuna mtu aliyewahi kumshughulikia hivyo. Aliinua mikono mwenyewe, bila kuambiwa, ikawa matawi.

Tukamwagilia maji kwa kopo.

"Unasikia kitu?" Ekisa alimuuliza.

"Nasikia baridi," Wandera akasema.

"Hiyo ni mizizi inatoka."

Lori lilikuwa limesimama mbele yetu kwenye foleni, na dereva wake alikuwa ameshuka kunyoosha miguu. Alikuwa mtu wa Mombasa, amevaa kikoi na kofia ya kufuma, mrefu, mpole. Alivuka mtaro, akatusogelea, akamtazama Wandera kuanzia nywele mpaka pale alipoishia.

"Wanangu, mwafanya nini hapo?"

"Tunapanda mtoto," nikasema.

"Ili iwe nini?"

"Atoe kivuli, mama asifunge hoteli."

Yule baba hakucheka. Alishika kidevu, akamzunguka Wandera kama mtu anayekagua gurudumu. Kisha akageuka kule barabarani, akaita kwa sauti, "Jamani, njooni muone kilimo cha huku."

Wakaja. Walitoka kwenye malori, walitoka hata kule chini ya mvule, vikombe vya Mama Ekisa mkononi. Mmoja aliuliza Wandera atazaa matunda gani. Mwingine akataka kujua kama tutamtia mbolea ya dukani ama ya ng'ombe. Taniboi mmoja Mganda, utingo wa lori, alishika kichwa kwa mikono miwili: "Banange, huyu mwana bado mbichi, mungengoja akomae kwanza." Na kwa kuwa walikuwa wamekuja, na jua lilikuwa limepungua kidogo, na harufu ya chapati za mama ilikuwa pale pale, wakakaa. Mimi nikaanza kumimina chai. Benchi zikajaa, wengine wakakalia mitungi.

Hivyo ndivyo mama na kukhu walivyotukuta. Mama aliona kwanza umati, na uso wake ukawaka kwa furaha. Halafu umati ukagawanyika, akaona mwanawe ametoka ardhini kuanzia mapaja kwenda juu, mikono hewani, anatabasamu.

"Nani amezika mtoto wangu?"

"Hatujamzika, mama," Ekisa alimjibu kwa adabu. "Tumempanda. Kuzika ni mpaka kichwa kiingie."

Mama alishika mwiko. Sisi tukaanza kurudi nyuma, tukieleza kwa pamoja kwamba ni kukhu aliyesema, kukhu mwenyewe, alisema mtoto, alisema hapa. Kukhu alisikiliza. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alicheka mpaka kuku wa jirani wakakimbia, akacheka mpaka akakaa chini vumbini na nguo yake ya kanisa, machozi yanamtoka, anampigia Wandera makofi. Mwiko wa mama ukashuka wenyewe.

"Mutoto ni muti," kukhu alisema alipopata pumzi. "Muti, nyinyi wapumbavu wangu. Jina lake ni mutoto."

Yule dereva wa Mombasa ndiye aliyemng'oa Wandera, kwa kumshika makwapa, polepole, "tusikate mizizi," alisema. Wandera alilia kuondolewa.

Kesho yake kukhu alitupeleka kumwona mutoto halisi. Tulishuka nyuma ya mashamba mpaka karibu na kijito, mimi, Ekisa na Wandera mgongoni mwangu. Alisimama mbele ya mti mpana, matawi yameenda kila upande kama mtu anayekataza ng'ombe kupita. Mizizi mingine ilining'inia kutoka juu kama ndevu. Majani yalikuwa mazito, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na katikati ya majani kulikuwa na vitunda vidogo vya mviringo, ndege wamejaa wanagombana. Kukhu akakwangua gome kwa ncha ya panga. Maziwa meupe yakatoka, yakateremka.

"Kumbe ni huyu?" Ekisa akasema. "Huyu tunamjua."

Tulimjua, bwana. Ulikuwa mti wetu wa ulimbo. Maziwa yale ndiyo tuliyoyasokota kwa mate kwenye vijiti kunasa ndege, na kila likizo nilikuwa nayo kwenye nywele. Tulimjua mwili wote, hatukujua jina tu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha simsim kutoka ng'ambo ya mpaka alisimama akatuambia kwao unaitwa mutuba, na wazee wao walipiga gome lake likawa nguo. Mama Ekisa naye baadaye aliutaja kwa Kiteso, jina ambalo ulimi wangu ulikataa. Majina yote hayo, na sisi tulikuwa tunauita "ule wa gundi".

Kukhu hakutafuta mbegu wala mche. Alichagua tawi nene kama mkono wa mwanamume, refu kumpita yeye, akalikata. Upande wa chini akauchonga mshazari, kama unavyochonga muwa. Upande wa juu akaukata sawa na kuupaka mavi ya ng'ombe ili usikauke. "Ukimupanda kichwa chini, amekufa," alituambia. "Hata wewe nikikupanda kichwa chini utakufa." Ekisa alinitazama, maana hilo tulikuwa tumelipatia. Tukabeba lile tawi nyumbani, tukalilaza nyuma ya nyumba mpaka maziwa yakauke. Mvua ya kwanza iliponyesha na ardhi ikalainika, tukalisimamisha. Shimo halikuhitaji kuchimbwa. Lilikuwepo, la Wandera.

Wandera alikasirika kupita maelezo. "Hapo ni kwangu," alisema, na kwa siku kadhaa hakuzungumza na ule mti. Ndiyo, aliacha kuuzungumzisha, kama mtu. Hata sasa kwetu mutoto hasemwi "umemea", husemwa "amemea".

Ila hakumea. Lilikaa pale, gogo tupu, limesimama mbele ya hoteli kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Mama alianika vitambaa vya vyombo juu yake. Wapita njia waliliita nguzo ya umeme, wakauliza, "Mama, stima inakuja lini?" Mbuzi alijikunia mgongo hapo. Mvua ilinyesha, ikanyesha, ikaanza kupungua, na kila asubuhi nilikwenda kutazama gome, na kila asubuhi lilikuwa gome. Kukhu alikuwa amerudi Nambale. Jioni moja nilimkuta mama ameshusha begi kutoka juu ya kabati, anapanga nguo za Wandera ndani yake, na sweta yangu ya shule iko kando, imekunjwa.

Sikulia mbele yake. Nilienda nyuma ya choo, kama kila mtu wa rika letu alivyofanya, maana hakukuwa na vyumba vya mtu kulia peke yake.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Wandera alikuwa amemsamehe mutoto zamani. Kila asubuhi, kabla hatujaamka vizuri, alikuwa akitoka na kikombe chake cha uji, anakunywa nusu, nusu anammwagia mwenzake pale chini. Baada ya uji alimpa na maji mengine ya mtoto wa kiume, ambayo sitayataja hapa. Na ni yeye, asubuhi moja mama akiwasha jiko, aliyeingia mbio, hana kaptura, mdomo una uji.

"Ametoa ulimi," alisema. "Mutoto ametoa ulimi."

Mama alidhani ni utoto. Alitoka tu kwa sababu alikuwa anavutwa kwa rinda. Akainama. Kwenye gome, karibu na juu, palikuwa na kitu kidogo chenye ncha, chekundu kidogo, kimechungulia. Ulimi kabisa. Na kingine chini yake. Tulikuwa tumetolewa ulimi na gogo, na tukafurahi. Mama alikigusa kwa kidole cha unga, kidogo tu, kama anavyogusa paji la uso la mgonjwa. Halafu akaingia ndani, akachukua lile begi, akatoa nguo, akalirudisha juu ya kabati. Alianza kukanda unga, na niliona kwamba unga ulikuwa mwingi kuliko wa jana.

Sitawadanganya kwamba ulimi ule ulitoa kivuli kesho yake. Kivuli cha kukalia mtu kilichukua miaka. Aliyetuvusha hiyo miaka ni Wandera, kwa sababu yule dereva wa Mombasa alikuwa ametangaza habari kila mahali lori lake liliposimama. Madereva wageni walikuja wakiuliza, "Ni hapa walipompanda mtoto?" Walitaka kumwona. Walimpima urefu. Walikunywa chai wakimngoja atoke shule. Na yeye mwenyewe, baba wa kikoi, kila safari alishusha kioo akiwa bado barabarani: "Mtoto hajambo?" Nami namjibu, "Hajambo, ameongeza majani." Hakuwahi kuniuliza nani, na mimi sikuwahi kumweleza ni yupi.

Mutoto mwenyewe tulimzungushia miiba, mbuzi wakakoma. Aliinuka, akatanua mikono vile vile Wandera alivyokuwa ameinua ya kwake, akalisukuma nailoni pembeni mpaka mama akalitupa. Akaota ndevu, tukabembea nazo. Mama Ekisa akaanza kuvuka barabara mchana, kivuli cha mvule wake kikigeuka upande wa shamba, anakaa kwetu na kuonja chapati. Ekisa anasema huo ndio mwaka chapati za kwao zilianza kutafunika.

Leo ukipanda bodaboda Amagoro useme "nishushe Mutoto", utashushwa kwa mama. Kila mwezi hakukosi mgeni aliyebeba mtoto mchanga anayetuuliza kliniki ya watoto iko mlango gani. Mama humpa kiti kivulini na chai kabla ya kumwambia ukweli. Vijana wa siku hizi nao wanakuja, nawapenda, lakini wanaingia kivulini na kuuliza kwanza waifai. Mmoja aliuelekezea mti simu ili imwambie ni mti gani. Simu ikafikiri, ikamwambia ni ua la nyungu la kupamba sebuleni. Nikamwambia, kwangua gome kidogo. Maziwa yalipotoka aliruka nyuma kama ameona nyoka.

Na Wandera? Wandera amekuwa mtu mrefu wa kuinama mlangoni. Ana bodaboda, mke, kipande cha shamba Busibwabo, na msichana mmoja anayeongea Kiswahili na Kiingereza cha katuni. Mvua hii iliyopita alikata tawi kwa mama, akalichonga mshazari chini na sawa juu, akalilaza mpaka maziwa yakakauka. Mimi nikaenda kusaidia, kama mtaalamu. Asubuhi hiyo alimwambia binti yake, "Amka, leo tunapanda mutoto."

Mtoto akapotea. Tulimtafuta jikoni, tukamtafuta kwa jirani. Mama yake ndiye aliyemkuta chini ya kitanda, ameshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, anasema yeye haendi, apandwe paka.

Nilicheka mpaka nikakaa chini vumbini, na nikiwa hapo chini nikamkumbuka kukhu, ambaye sasa amezikwa Nambale, na mutoto wake mwenyewe amesimama upande wa kichwa cha kaburi. Enzi zetu tuliingia shimoni tukiwa tumeinua mikono. Hatukuuliza. Watoto wa sasa wanauliza kwanza, na pengine ni vizuri wanauliza, lakini natamani siku moja tu nimwone mtu anayeamini kiasi kile, amesimama kwenye udongo wenye baridi, anangoja mizizi.

Wandera hakumvuta binti yake. Alitoka nje, akavua viatu, akaingia yeye mwenyewe, jitu zima, kwenye shimo tulilokuwa tumelichimbia tawi, akaanza kujirudishia udongo kwa mikono mpaka magotini. Msichana alitokeza kichwa mlangoni.

"Baba, unafanya nini?"

"Hata mimi nilipandwa," Wandera akasema. "Si unaniona nilivyo?"

Msichana akamtazama baba yake kuanzia nywele mpaka pale alipoishia. Halafu akaenda kuchukua kopo la maji.